Wacheni kupima antivairasi na saa ya mbio

Kuna video yangu ya mwaka jana nimeifuta wiki iliyopita. Kama uko hapa kutoka zamani utaikumbuka: laptopu moja, antivairasi nne, simu juu ya meza ikihesabu sekunde, na mimi nikipiga kelele kama mtangazaji wa Safari Rally. Iliyomaliza kuskani kwanza nikaipa taji. Ya mwisho nikaiita konokono. Hiyo ndiyo video iliyonipatia watazamaji wengi kuliko zote nimewahi kutoa, na kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili na bado mamake anamuuliza "sasa hiyo kazi ya simu inalipa lini?", hiyo si kitu unafuta ovyo ovyo.

Namba zilikuwa za kweli. Sikuchonga hata sekunde moja. Lakini mwisho wa hiyo video nilisema kitu, na nakumbuka nilikisema nikicheka: kama laptopu yako ni mzee, zima ule ulinzi wa papo hapo, ule unakagua kila faili ukiifungua, halafu uwe unaskani mara moja kwa wiki na hii yenye kasi. Mashine itapumua.

Mtu alinisikiliza. Roomie wangu wa zamani, yule tulikuwa tunachangia naye gesi na unga. Yeye alibaki chuo, mimi nikatoka. Nitamrudia.

Kwanza mniruhusu nivunje hiyo video vipande vipande, juu najua bado kuna wasee wanatoa zingine kama hiyo kila wiki, na nyinyi mnazishea.

Juzi nilichukua ile ile niliyoita konokono, nikaiweka tena kwa laptopu ile ile, nikaskani diski yote mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza ilikula dakika hamsini na kitu. Mara ya pili haikufikisha kumi. Programu ile ile, faili zile zile, meza ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza ilisoma kila kitu na kuweka alama za faili ilizokwisha kukagua, na mara ya pili ikaruka zile ambazo hazijaguswa. Antivairasi nyingi hufanya hivyo siku hizi. Kwa hiyo ningeanza kurekodi dakika kumi tu baadaye, konokono ndiye angekuwa bingwa na nyinyi mngeenda kumdownload. Manze, hapo ndio nilianza kujiskia vibaya.

Halafu kuna swali la kilichoskaniwa. "Skani kamili" si kipimo kama kilo. Kuna programu inafungua kila faili ya zip, inaingia ndani, ikikuta zip nyingine inaingia tena. Kuna nyingine inafika mlangoni, inaona zip ni kubwa, inaendelea na safari. Na si lazima iwe ni uvivu. Kuna faili maarufu inaitwa 42.zip, ina ukubwa wa KB 42 tu, lakini ukiifungua safu zote inakuwa PB 4.5, yaani zaidi ya terabaiti elfu nne. Ilitengenezwa kimakusudi kukaba antivairasi inayofungua kila kitu bila akili. Ndio maana programu zote lazima ziwe na mpaka: tutashuka safu ngapi, tutafungua faili ya ukubwa gani. Kila kampuni inaweka mpaka wake. Sasa wewe umekaa hapo na saa unapima nani amefagia nyumba haraka, na mmoja ameinua makochi na mwingine amefagia pale macho yanafika.

Diski nayo. Hii laptopu yangu ni ex-UK, niliinunua kwa duka moja la ghorofani mjini, ina diski ngumu ya zamani ile inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Diski kama hiyo ikisoma faili moja ndefu inaweza kukupa kama MB 100 kwa sekunde, sawa tu. Ukiipa faili ndogo ndogo elfu mia mbili zimetawanyika kila kona, kile kichwa cha kusomea kinarukaruka kama makanga anatafuta chenji, na kasi inaanguka hadi chini ya MB moja kwa sekunde. Kwa Windows, faili nyingi ni hizo ndogo ndogo. Kwa hivyo nilichopima mimi kwa sehemu kubwa ilikuwa ni diski yangu. Weka SSD ya bei ya kawaida na matokeo yote yanageuka, hata mpangilio wa nani wa kwanza unaweza kubadilika, juu sasa kinachochelewesha ni prosesa.

Wakenya tunaelewa hii kitu kuliko mtu yeyote duniani. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kule Vienna kwa 1:59:40. Tulilia. Mimi nililia. Lakini mpaka leo hiyo si rekodi rasmi ya dunia, na hakuna Mkenya timamu anabishana nayo, juu tunajua haikuwa mashindano ya kawaida, na vikosi vya wasaidizi vilikuwa vinabadilishana kumkata upepo. Tunajua kuuliza: njia gani, upepo gani, nani alikuwa mbele yake. Mtoto wa darasa la nne Eldoret anajua kuuliza hayo. Halafu tukifika kwa kompyuta tunaangalia saa ya simu ya mtu na tunasema "hii ni noma, inamaliza dakika tisa."

Na hapa ndio nakasirika kabisa, kwanza na mimi mwenyewe. Hata kama ningepima vizuri, na diski moja, mipangilio sawa, mara tano kila programu, bado ningekuwa nimepima mbio za mtu ambaye mwizi amekwisha kumpita.

Mwaka 2022 kampuni ya Splunk ilifanya kile sisi tungefaa kufanya: wakaelekeza saa kwa mwizi. Walichukua familia kumi za ransomwea, yaani vile virusi vinafunga faili zako na kukudai pesa, wakaziachilia kwa faili 98,561, karibu GB 54. Ukipanga matokeo yote kwa mstari na kuchukua la katikati, ni dakika 42 na sekunde 52. Familia iliyoongoza, LockBit, ilichukua dakika 5 na sekunde 50.

Rudia kusoma hiyo. Dakika sita haziishi. Bingwa wa video yangu, mwenye taji, bado alikuwa anachanganua folda ya Windows. Na hiyo ni kama ulibahatika ukaanza kuskani sekunde ile ile virusi vilianza. Nani anafanya hivyo? Unaskani Jumapili, unabonyeza faili mbaya Jumatano usiku. Skani ya Jumapili ijayo itamaliza dakika tisa ama saa tatu, hakuna tofauti, itakukuta umekaa kwa kitanda unaangalia kioo.

Ni vile roomie wangu alikaa.

Ako mwaka wa mwisho. Projekti yake ilikuwa na kwestionea 120 alizozunguka nazo mwenyewe akihoji wafanyabiashara wadogo, na alikuwa amemaliza kuziingiza zote kwa kompyuta. Kuchambua alihitaji ile programu ya takwimu ambayo kila mwanafunzi wa risachi anaijua na karibu hakuna anayeilipia. Akatafuta kraki. Maagizo ya kraki yalianza vile yanaanzanga: zima antivairasi kwanza. Yake ilikuwa imezimwa tayari, miezi mitano, juu ya video yangu. Kila Jumapili alikuwa anaskani kama nilivyosema. Mtiifu kabisa. Aliniambia, "Buda, nilifanya vile ulisema," na hakusema kwa hasira, ingekuwa rahisi kama angenitukana.

Kila folda ilikuwa na faili mpya inaitwa _readme.txt. Ndani: dola 980 kupata faili zako, na ukiwasiliana nao kabla ya saa 72 unapewa nusu bei, dola 490. Hiyo ni alama ya familia inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, na inapenda sana watu kama sisi, juu inasafiri ndani ya kraki. Mshahara wake ni wanafunzi na watu wa mtaa, haina haja na benki. Dola 980 ni zaidi ya laki moja na ishirini elfu za hapa. Mtu ambaye bado anangoja HELB.

Kitu moja kuhusu STOP ambacho kila mtu anayetuza kasi anafaa kujua: haijisumbui kufunga faili yote. Inafunga kama KB 150 za mwanzo tu na kusonga kwa inayofuata. Inatosha. Waraka ukikosa kichwa haufunguki. Hao jamaa wa upande ule walielewa zamani sana kwamba kazi nusu iliyofanywa haraka ndiyo inawalipa, na sisi huku tunapima nani anasoma diski yote.

Tulijaribu. Kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungua Oktoba 2019, kilichosaidia kwa aina 148 za STOP. Kwa aina mpya zaidi kinaweza kusaidia tu kama virusi vilikosa mtandao wakati wa kufunga, juu hapo vinatumia ufunguo mmoja kwa watu wengi na huo ukipatikana wote wanaokoka. Vikipata mtandao, kila mtu anafungiwa na ufunguo wake mwenyewe. Roomie alikuwa amenunua bando usiku huo. Bando ya soo moja.

Je, ulinzi wa papo hapo ungeikamata? Hakuna mtu anaweza kukuapia. Lakini askari uliyempeleka likizo hajawahi kukamata mtu.

Sasa najua mnachotaka kusema, juu mimi ndiye nilikuwa nakisema. "Wewe ongea tu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4, antivairasi ikiwaka hata Chrome haifunguki." Ni ukweli. Sitakuambia ununue mashine mpya, najua bei. Lakini angalia vizuri nini inakukwama. Skani kamili ni kitu cha mara chache, unaweza kuiacha ukienda kulala ama kama stima zenu hazichezi. Kinachokuudhi kila siku ni kile kukagua kwa kila faili unafungua, unakopi, unadownload. Hicho ndicho kitu cha kupima, na kuna watu wanakipima. AV-Comparatives wako Innsbruck, Austria: wanapima mashine inachelewa kiasi gani ukikopi faili, ukifungua programu, ukiinstall, ukidownload, ukizunguka mtandaoni. Na wanatofautisha mara ya kwanza na mara zinazofuata, ile mtego iliyonikamata. AV-TEST kule Magdeburg, Ujerumani, wanatoa alama 6 za ulinzi, 6 za uzito kwa mashine, 6 za kutopiga kelele bure kwa faili safi. Huko ndani husikii mtu ametawazwa kwa sababu alimaliza diski kwanza.

Na kuna hii, ambayo ingenisaidia kama ningeijua nikiwa na ile saa yangu: skani ya polepole inaweza kuwa ni heshima. Defender, ile imekuja na Windows tangu Windows 8 mwaka 2012, ikifanya skani iliyopangwa inajiwekea mpaka wa asilimia 50 ya prosesa kwa wastani, ndio wewe uendelee na kazi. Unaweza hata kuushusha zaidi. Kwa video yangu hiyo ingeitwa konokono. Ile inakula prosesa yote imalize haraka, ile inafanya feni ya laptopu ilie kama mathree inapanda mlima, ningeipa taji. Tulikuwa tunazawadia ile inatuumiza.

Kwa hivyo kama mashine ni mzee: usiweke antivairasi mbili, hiyo ndiyo dhambi naiona sana kwa saiba, zinakaguana zenyewe kwa zenyewe. Acha ulinzi wa papo hapo ukiwa umewaka. Fanya skani ya haraka, ile inaangalia sehemu virusi hupenda kujificha, kumbukumbu na vitu vinavyowaka mashine ikiwaka. Microsoft wenyewe wanasema hiyo pamoja na ulinzi wa papo hapo inatosha mara nyingi. Ukipata elfu chache, usinunue leseni, badilisha hiyo diski iwe SSD. Na mambo ya maana yatume mahali pengine. Hata kujitumia imeili. Hata kwa WhatsApp yako mwenyewe, sijali.

Kuna wale watasema basi tafuta tu ya bure iliyo nyepesi. Poa, lakini uliza inakula nini. Avast ilikuwa ya bure na iko kwa mamilioni ya mashine, na kupitia tawi lake la Jumpshot ilikuwa inauza historia ya kurasa ambazo watu wanatembelea. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya waandishi kuifichua, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza Avast italipa dola milioni 16.5. Wepesi wake kwa saa yangu usingeonyesha hata senti moja ya hiyo.

Sasa nyinyi wenzangu wa kamera. Tunajua vile hii inaenda. Unatumiwa linki ya mauzo, mtu akinunua unapata kitu kidogo, na video ya saa ni rahisi kutengeneza: unaweka simu, unabonyeza, unangoja, unahariri. Kupima kama programu inakamata kitu ni kazi, inataka mashine ya kutupa na akili. Hata jaribio la chini kabisa, ile faili ya EICAR, herufi 68 tu, haina madhara yoyote, imekubaliwa na kampuni za antivairasi kuwa ya kujaribia kama kengele inalia, hatulifanyi. Mimi sikulifanya. Ningelifanya ningeona kitu: ukizima ulinzi wa papo hapo, hiyo faili unaidownload, unaikopi kwa fleshi, unaituma kwa wengine, na hakuna chochote kinapiga kelele mpaka Jumapili. Dakika mbili za video. Zingetosha roomie asinisikilize.

Kama lazima upime kasi, sema diski ni gani, sema ni mara ya kwanza ama ya pili, sema kama zip zinafunguliwa, na useme kwa sauti kwamba hiyo namba haijui kama virusi vilionekana. Ukishasema hayo yote video yako itakuwa boring na watazamaji watapungua. Nimekubali. Tangu nifute ile yangu namba zangu zimeshuka na hakuna kampuni imenipigia.

Roomie alipata sura tatu za kwanza kwa imeili, alikuwa amemtumia supavaiza. Data ndiyo ilipotea yote. Karatasi za kwestionea zilikuwa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa Naivas, asante Mungu kwa watu hawatupangi vitu. Kila jioni naenda kwake, yeye anasoma majibu, mimi naandika. Jana tulifika ya 61. Defensi ni tarehe 19.